Kidole Kimoja, Madaftari Mawili

Katika kaunti ya Garissa kuna vijana ambao ni Wakenya kwa baba na kwa mama, kwa babu na kwa nyanya, na ambao dola yao imewaambia kuwa ni wakimbizi. Hawakuvuka mpaka wowote. Wamezaliwa Fafi, Lagdera, Balambala au Dadaab yenyewe, na wamesoma katika shule za Kenya. Walipotimiza miaka 18 walikwenda kuomba kitambulisho kama wenzao wa Nakuru na Kakamega. Wakaweka kidole juu ya kioo cha mashine, na mashine ikajibu kuwa inawajua: wamo katika daftari la wakimbizi. Karani akafunga faili, akaita anayefuata.

Kisa hiki kimewapata watu wengi mno hata hakihitaji jina la mtu mmoja. Haki na Sheria, shirika la mjini Garissa ambalo limelifuatilia jambo hili kwa miaka, limekadiria walioathirika kuwa wapatao 40,000. Nakisimulia kwa ajili ya msomaji mmoja hasa: kijana anayejiandaa kwenda huko na hojaji mkononi, awe mwanafunzi wa uzamili, karani wa shirika au msaidizi wa profesa aliyeko ng'ambo. Kisa chenyewe ni cha msaada wa chakula, si cha utafiti. Lakini makosa yaliyomo ndani yake ndiyo ambayo mtafiti huyafanya akiwa na cheti cha maadili mfukoni, na hapa tunaona yanavyozaa baada ya miaka ishirini, muda ambao watafiti wachache hurudi kuutazama.

Turudi nyuma. Serikali ya Siad Barre wa Somalia ilipoanguka Mogadishu mwaka 1991, watu walimiminika kuvuka mpaka, na kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zikafunguliwa kuzunguka mji mdogo wa Dadaab, karibu kilomita 100 kutoka Garissa. Zilipangwa kuwachukua watu 90,000. Kufikia 2011, mwaka wa ukame uliotikisa Pembe nzima ya Afrika, zilikuwa na zaidi ya 400,000. Mtu wa mbali huiwazia Dadaab kuwa ni mahali pa wageni peke yao. Mwenyeji aliyaona mambo kwa namna nyingine: hayo yalikuwa malisho yake na kuni zake, na sasa palikuwa na hospitali, shule na maghala ya unga, maharagwe na mafuta ya kupikia, ila mlangoni ilitakiwa kadi. Mwenye kadi alipimiwa. Asiye na kadi alisimama nje ya uzio katika ardhi ya babu zake.

Kaskazini Mashariki ilikuwa imesahauliwa na Nairobi tangu uhuru. Mfugaji ambaye ukame umemlia ng'ombe wote hakuwa na ofisi ya kukimbilia. Kati yake na mkimbizi aliyeshuka jana kutoka Kismayu, lugha ni moja, dini ni moja, na mara nyingi hata ukoo ni mmoja. Basi wapo walioingia foleni. Wengine walifuata unga, wengine matibabu ya mtoto, wengine nafasi ya shule, wengine tumaini la kupelekwa Marekani. Mama alijiandikisha na watoto wake wote, kwa sababu mgao ulihesabiwa kwa vichwa. Ni kweli kwamba walisema uongo. Lakini mwenye njaa hana miiko, na aliyeweka chakula upande mmoja tu wa uzio asishangae watu wakitafuta namna ya kuwa upande huo.

Kadi ya karatasi ilikuwa na rehema yake: ilichanika, ilipotea, ilisahauliwa. Kisha vikaja vidole. Usajili uliingia kwenye kompyuta, na mwaka 2013 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, pamoja na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, walianza kukagua alama za vidole kwenye vituo vya kugawia chakula Dadaab na Kakuma. Sababu yao ilikuwa nzuri: kadi zilikuwa zikiuzwa na chakula kilikuwa kinavuja. Wakati huohuo serikali ya Kenya ilikuwa ikiuchukua usajili wa wakimbizi mikononi mwake, na vidole vya waombaji wa vitambulisho vikaanza kulinganishwa na vidole vya wakimbizi. Daftari lililoandikwa kwa ajili ya unga likawa daftari la uraia.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja kinyume. Hapa yaliwahi kidogo, yakamfikia mtoto. Aliyekuwa mgongoni mwa mama yake siku ya foleni ndiye aliyefukuzwa dirishani miaka kumi na sita baadaye. Kenya bila kitambulisho si nchi ya kutembea. Huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako wala kufungua M-Pesa. Huwezi kuomba mkopo wa elimu ya juu, kupiga kura, au kuajiriwa kazi yenye mkataba. Basi la Nairobi likifika kizuizi cha daraja la mto Tana, abiria huulizwa vitambulisho, na kwa asiye nacho safari huishia hapo. Wapo waliozuiwa katika mji waliozaliwa, kana kwamba kambi imepanuliwa ikawafuata nyumbani.

Na hapo ndipo penye uchungu wa kisa: mlango wa kutokea haukuwepo. Kuingia katika daftari kulichukua dakika chache. Aliyetaka kutoka alikuta hakuna utaratibu ulio wazi. Walioandikisha walimwelekeza kwa serikali, na serikali ikamrudisha kwa walioandikisha. Kwa miaka hapakuwa na fomu ya kusema "niliandikishwa nikiwa mchanga, mimi ni Mkenya, niondoeni". Kamati za kuhakiki uraia zilikuja baadaye, zikaketi, zikasikiliza wazee wakishuhudia nasaba, na baadhi ya watu wakaanza kusafishwa majina kwa mafungu. Mwaka 2021 Haki na Sheria ilichapisha ripoti juu ya watu hawa, na suala likafika hadi Mahakama Kuu mjini Garissa. Februari 2025 Rais William Ruto alitia saini tangazo mjini Wajir la kuondoa uhakiki wa ziada ambao watu wa kaunti za mpakani walipitishwa kila walipoomba kitambulisho. Ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo uhakiki huo wa ziada ni jambo moja, na kidole kilichokwisha kuingia katika daftari jingine ni jambo la pili.

Sasa, ndugu mtafiti, tazama ni nini kilikosewa, maana hakuna aliyekusudia ubaya. Karani wa kambi alitaka watu wale. Mhandisi wa mashine za vidole alitaka kuzuia wizi. Afisa wa usajili wa watu alitaka kulinda uraia wa nchi. Kila mmoja alifanya kazi yake, na jumla ya kazi zao ikawa kumnyang'anya mtoto nchi yake.

La kwanza ni ridhaa. Vitabu vya maadili vinasema mshiriki akubali kwa hiari baada ya kuelezwa. Yule mama wa kwenye foleni alikubali. Hakuna aliyemshika mkono kwa nguvu. Lakini kukubali kuna maana pale tu ambapo kukataa kungewezekana, na kukataa kwake kulikuwa na bei ya mlo wa watoto. Ndiyo maana kipimo cha ridhaa hakimo katika sahihi. Kimo katika swali hili: huyu akisema hapana, atapoteza nini leo jioni?

Usidhani swali hilo halikuhusu kwa kuwa wewe hugawi unga. Katika vijiji vya Garissa, mtu anayeshuka kwenye gari akiwa na kishikwambi, kalamu na beji ya shingoni ni mtu wa aina moja: ni wa kuandika majina ya msaada. Amefika hivyo mwaka wa ukame, mwaka wa mafuriko ya Tana, mwaka wa homa ya Bonde la Ufa. Utasoma karatasi yako ya ridhaa kuanzia mwanzo hadi mwisho, nao watakusikiliza kwa adabu huku wakisubiri ufike penye orodha. Jambo hili si la wafugaji peke yao. Kilifi, ambako taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, na wenzao wa Wellcome wamekuwa wakifanya tafiti za malaria na magonjwa ya watoto tangu 1989, watafiti walipochunguza wazazi waliotia sahihi za ridhaa walikuta kuwa wengi hawakutenganisha utafiti na matibabu. Waliamini mtoto ametolewa damu ili atibiwe. Watu wa Kilifi waliligeuza hilo kuwa somo: wakaunda mtandao wa wawakilishi wanaochaguliwa na jamii, wa kukaa nao kabla ya utafiti kuanza, wakati unaendelea na baada ya kwisha. Huwezi kujenga mtandao kama huo kwa tasnifu ya miezi sita. Unaweza kusema waziwazi, kabla ya swali la kwanza na tena baada ya la mwisho, kuwa hakuna kitu kitakachokuja kwa sababu ya majibu haya. Kisha mwombe mshiriki akueleze kwa maneno yake mwenyewe amekubali nini. Akikwambia "mtatuletea maji", bado hujapata ridhaa.

Ubaya huu una nasaba ndefu duniani. Huko Tuskegee, Alabama, kuanzia 1932 hadi 1972, idara ya afya ya Marekani iliwafuatilia mamia ya wanaume weusi maskini waliokuwa na kaswende bila kuwatibu, hata baada ya penisilini kuwa dawa ya kawaida. Waliambiwa wanatibiwa "damu mbaya". Walivutwa na usafiri wa bure, chakula siku ya kupimwa na ahadi ya kugharimiwa maziko. Tuskegee palikuwa na uongo wa makusudi na Dadaab haukuwepo, kwa hiyo visa hivi viwili havilingani. Bado pote pawili, mwenye shida alipewa kitu kidogo alichokihitaji leo, akatoa kitu kikubwa asichoambiwa ukubwa wake.

La pili ni safari ya taarifa baada ya kuondoka mikononi mwako. Kidole cha unga kiligeuka kidole cha uraia kwa sababu hakuna aliyeandika mwanzoni kuwa hakiruhusiwi kugeuka. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 sasa inasema taarifa za mtu zikusanywe kwa kusudi lililotajwa na zisitumike kinyume chake, na inampa mtu haki ya kuomba zirekebishwe au zifutwe. Mahakama Kuu nayo, Januari 2020, katika kesi ya Huduma Namba, mpango wa kuwasajili wakazi wote katika daftari moja, iliyofunguliwa na jumuiya ya Wanubi na wenzao, ilikataza serikali kukusanya vinasaba vya raia na mahali hasa wanapoishi kwa njia ya satelaiti. Sheria tunazo. Kinachobaki ni mazoea yetu: mtafiti humaliza kazi, akaweka faili kwenye kompyuta ya ofisi, akapata kazi kwingine, na faili ikabaki na majina ya watu pamoja na yale waliyomnong'oneza. Mfadhili huitaka. Mradi mwingine huiazima. Wakati mwingine afisa wa usalama huiulizia.

Hilo la mwisho ni zito upande huu wa nchi, na linanipeleka kwenye ukurasa ambao watafiti huuona mwepesi kuliko yote. Ni ule wa kwanza wa hojaji, wa taarifa za awali: jina, mwaka na mahali pa kuzaliwa, kabila, ukoo, namba ya simu, mahali nyumba ilipo. Nyeri au Kisumu mtu huujibu huku akiendelea na kazi zake. Garissa, Wajir na Mandera kila mstari una historia. Februari 1984, wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa na jeshi katika uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, na wengi hawakurudi. Kilichowafikisha pale ni jina la ukoo. Mwishoni mwa 1989 serikali iliwaamuru Wasomali wa Kenya wote waliokuwa watu wazima kwenda kuchujwa, waeleze nasaba yao, na waliopita wakapewa kadi ya rangi ya waridi, ya kubeba pamoja na kitambulisho, ambacho peke yake kiliwatosha Wakenya wengine. Aprili 2014, katika operesheni ya Usalama Watch, watu walizolewa Eastleigh, Nairobi, na kuwekwa uwanja wa Kasarani ili karatasi zao zikaguliwe. Mzee wa Bulla Iftin, mjini Garissa, ukimuuliza "ulizaliwa wapi?", anapima kwanza nani mwingine atalisikia jibu lake. Na hao walioandikwa mara mbili ukiwauliza kama waliwahi kuishi kambini, umewaomba wakupe ushahidi dhidi yao wenyewe.

Basi kata. Pitia hojaji yako mstari kwa mstari na kila usichokihitaji kwa swali lako la utafiti ukiondoe. Kama unachunguza lishe ya watoto, ukoo wa nini? Kama ukoo ni muhimu kweli, jina la nini? Weka namba mahali pa jina, na orodha ya kulinganisha namba na majina iwe kando, chini ya nenosiri, na iwe na tarehe ya kufutwa. Na ahadi ya siri itoe kwa kipimo cha uwezo wako wa kuilinda. Mtafiti anayeuliza habari za Al-Shabaab, za magendo ya sukari au za mpaka wa Liboi, kisha akasema "usihofu, haya yatabaki kati yetu" wakati hajui atajibu nini daftari lake likitakiwa, anacheza na roho ya mtu kwa ajili ya shahada.

La tatu ni mtoto. Wazazi waliweka vidole vya watoto wao, na sheria na mila huwapa wazazi mamlaka hayo. Lakini mzazi anaazima sauti ya mtoto kwa muda, haimiliki. Tafiti nyingi za afya na elimu Kaskazini Mashariki huwahusu watoto, na nyingine huhifadhi damu zao kwenye majokofu kwa miaka. Mtoto mwenye akili ya kuelewa aulizwe naye, na hapana yake ihesabike hata kama baba amesema ndiyo. Akifikisha miaka 18 taarifa zake zikiwa bado zinatumika, atafutwe aulizwe upya. Ni kazi ngumu miongoni mwa watu wanaohama na mifugo, kwa hiyo anayejua hataiweza asihifadhi kitu kinachomtambulisha mtoto kupita mwisho wa mradi.

La nne ni mwenye kukufungulia mlango. Desturi yetu ni kupitia kwa chifu, na ni desturi njema. Mgeni asiyepiga hodi hana adabu. Kumbuka tu kwamba huyu ndiye anayegonga muhuri kwenye fomu ya kitambulisho, na ndiye mwenye orodha ya chakula cha msaada. Akiambatana nawe nyumba hadi nyumba, hakuna mama atakayekataa kujibu, na wewe utarudi Nairobi ukijisifu kuwa waliofikiwa walishiriki wote. Mwamkie chifu, mwoneshe kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na barua ya kamati ya maadili, kunywa chai yake ya maziwa ya ngamia, kisha muage. Mkalimani naye mchague kwa makini. Awe mtu ambaye ukoo wake hauna ugomvi wa visima na wale mnaokwenda kuwahoji. Kwa mambo ya wanawake awe mwanamke, maana masuala ya tohara ya wasichana au uzazi hayasemwi mbele ya kijana wa kiume aliye shemeji ya mtu. Wala usidhani Garissa yote ni Kisomali. Kandokando ya Tana kuna Wamunyoyaya na Wamalakote, na Ijara kuna Waaweer. Karatasi ya ridhaa isiyo katika lugha ya mtu ni karatasi tu.

La tano lina utata zaidi, nami nitalitendea haki. Mwaka 2009 ulianza mpango wa kuwapa fedha taslimu watu maskini wa Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, ufadhili ukitoka Uingereza. Kila kaya ilianza kwa shilingi 2,150 kila baada ya miezi miwili. Ili kupima kama fedha zinasaidia, baadhi ya lokesheni ndogo zilichaguliwa kwa bahati nasibu zianze kupokea, na nyingine zikasubiri miaka miwili, watu wake wakiwa wamekwisha kuteuliwa, ili walinganishwe na waliopata. Katikati ya kusubiri huko ukaja ukame wa 2011.

Watetezi wa mpango wana hoja, tena nzito. Fedha hazikutosha wote kwa mara moja. Bahati nasibu ni ya haki kuliko upendeleo wa mbunge. Na matokeo yalisaidia kuupanua mpango katika awamu ya pili ukalenga kaya 100,000. Sisemi walikosea kupima. Nasema kuna deni ambalo mtafiti wa namna hii hulibeba na lazima alilipe mapema. Wanaosubiri waelezwe kwa lugha yao kwa nini jirani anapata na wao hawapati. Na kabla kazi haijaanza iandikwe ni hali gani, ikitokea, itasitisha ulinganisho. Njaa inapoingia kijijini, swali la kama pesa inamfaa mwenye njaa halihitaji tena kundi la kulinganisha. Vivyo hivyo kwa mwenye hojaji ndogo: mvua ikikosa misimu miwili na watu wakaanza kuchinja mama mbuzi, kuahirisha safari ni uamuzi wa kimaadili kama ulivyo uamuzi wa kuianza.

La sita ni la haraka, kwa sababu kila mtu hulisema na wachache hulitenda: rudisha. Dadaab imeandikiwa vitabu, tasnifu na ripoti bila hesabu, na wengi waliojibu maswali hawajaona hata ukurasa mmoja. Kurudisha si kutuma faili kwa barua pepe ya kaunti. Ni kikao chini ya mti, au saa moja katika redio ya Kisomali, ukiwaambia mlisema hivi, nimeelewa hivi, nirekebisheni. Weka gharama yake kwenye bajeti tangu mwanzo, kwa sababu mwishoni pesa huwa zimekwisha.

Nimechelewa kwa makusudi kuzungumzia kamati za maadili. Zinahitajika, na sheria ya Kenya inakutaka upite kwazo kabla ya kupata kibali. Lakini kamati hukaa mbali ikasoma makaratasi, na makaratasi ya Dadaab yangepita salama mbele ya kamati yoyote: kusudi jema, watu wamekubali, manufaa yanaonekana. Kasoro ilikuwa katika yale ambayo hayakuandikwa popote: nani mwingine atalisoma daftari hili, na aliyemo atatokaje.

Kwa hiyo usiku kabla ya kusafiri, chukua karatasi uandike majibu ya maswali manne kwa mwandiko wako. Huyu nitakayemhoji akikataa, atapoteza nini? Taarifa zake zikiangukia mikononi mwa mtu asiyempenda, zitamfanya nini, leo na mtoto wake akifika miaka 18? Akibadili nia mwakani, atampigia nani simu, na huyo ana uwezo gani wa kumfuta? Nitakaporudi, nitakuwa nimemletea nini? Ukikosa jibu la hata moja, usiende kesho. Mabasi ya Garissa huondoka kila siku.